Sahihi ya Tatu

Gatimu alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akanywa chai vikombe viwili, akamsifu mvulana wa mwenye nyumba, Munene, kwa kurefuka, akaulizia hata ng'ombe aliyeuzwa tangu mwaka jana. Ndipo akasema kilichomleta. Alitaka hati ya ploti ya Majengo na hati ya nyumba hii ya Kamakwa zikae kwake mpaka ndugu yake atoke hospitalini.

"Niko na sefu," alisema. "Hapa watu wanaingia na kutoka. Mtu akiwa mgonjwa vitu hupotea."

Theuri, mwenye hati zote mbili, na mwenye uvimbe kwenye utumbo uliokuwa ukatwe Jumanne ya wiki iliyofuata, alitazama soksi zake. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilizunguka shingo bila kuigusa. Gatimu alikuwa kaka yake mkubwa, amemzidi miaka tisa, na ndiye aliyemlipia shule, kwa hiyo mbele yake Theuri hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Aliyejibu ni Waithira, mama wa watoto wake. "Zitapoteaje na mimi niko?"

"Shemeji, usichukulie vibaya." Gatimu aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Wewe ni mtu mzuri, hakuna siku nimesema ingine. Lakini mimi na wewe tunajua. Hakuna mbuzi ilikatwa."

Hapo Waithira aliona heri angetukanwa. Mbuzi aliyetajwa ni wa ngurario, ile siku mwanamume anapofika kwa wazazi wa mwanamke pamoja na wazee wake, na kwa mkono wake mwenyewe akakata bega la mbuzi watu wakiona. Kabla ya siku hiyo mnaweza kuzaa, kujenga na kuzeeka pamoja, na bado wakawepo watu watakaosema kwamba fulani alikuwa anakaa na fulani. Waithira na Theuri walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na tisa. Kila Januari waliahidiana kwamba mbuzi ni mwaka huu, na kila Desemba kulikuwa na sababu: karo, paa, korona, ukame, karo tena.

"Binti yangu ana jina la mama yenu," Waithira alisema. "Mvulana ana jina la baba yenu. Hayo majina nani alikubali?"

"Watoto ni wetu. Sijasema juu ya watoto."

Gatimu aliondoka bila hati, lakini alisema atarudi kabla ya Jumanne. Waithira aliosha vikombe kwa hasira hadi kimoja kikavunjika mkono. Alikuwa anamfikiria Gladwell, mama wa duka la nguo pale stendi, ambaye bwana wake alifariki ghafla. Katika kijitabu cha mazishi, chini ya majina ya kaka na dada na binamu, familia ilimwandika Gladwell kuwa rafiki wa karibu. Miaka kumi na minne, watoto watatu, rafiki wa karibu. Mwaka wa sita huu anapanda na kushuka ngazi za korti, na kodi ya vyumba vya bwana wake wanakusanya wengine.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la wakili Karwitha, mwanamke wa Meru mwenye sauti ndogo na macho yasiyocheka, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa mjini Nyeri. Karwitha alimsikiliza hadi mwisho bila kuandika chochote.

"Korti inaweza kusema wewe ni mke hata bila mbuzi," alisema. "Lakini itakuuliza maswali kwanza, na itakuuliza miaka mingi. Njia fupi ni bwana yako aandike wosia akiwa na akili zake. Wosia hauulizi mbuzi. Anaweza kumpatia hata jirani."

"Na unataka nini?"

"Yeye mwenyewe aniambie anataka nini, hata kwa simu. Nitachapa. Atie sahihi mbele ya watu wazima wawili, nao watie zao mbele yake. Na sikia hii vizuri, mama. Hao wawili wasiwe watu ambao wanapata kitu ndani. Wala bwana ama bibi ya anayepata."

Waithira alirudia maneno hayo njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa Theuri.

"Siandiki," Theuri alisema, kabla hajamaliza kuelezwa. "Baba aliandika Ijumaa. Jumapili tukamlaza mochari. Unajua hiyo hadithi, kwa nini unaniletea?"

"Baba yako alikuwa na miaka themanini na tatu."

"Alikuwa anatembea. Alikuwa anakama ng'ombe. Akaandika, akaenda." Alijifunika shuka hadi kidevuni, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. "Mimi nakatwa tumbo wiki ijayo, na wewe unataka niite kitu kinifuate huko ndani?"

Waithira alitaka kumtikisa. Alitaka pia kumkumbatia, kwa sababu aliona kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa kweli, na hofu yake ilikuwa imepata mahali padogo pa kusimama, kwenye kalamu, ili isimalize nyumba nzima. Alikaa kando ya kitanda.

"Heri mbuzi," Theuri akasema mwishowe. "Twende kwa baba yako. Nikate mbuzi, nikate hata leo. Gatimu atasema nini tena?"

Jumatano walikwenda Gakindu, Waithira akiendesha polepole kwa ajili ya matuta. Ilikuwa Julai, mvua nyembamba ikidondoka juu ya mibuni, na mlima haukuwa umeonekana wiki nzima. Baba yake, mzee Moffat, aliwakaribisha jikoni penye moto, akasikiliza habari za Gatimu, za wakili na za mbuzi, akavua kofia, akaivaa tena.

"Haiwezekani," alisema.

"Baba, si lazima iwe sherehe kubwa."

"Si ukubwa. Mimi mwenyewe sijakata ya mama yako."

Waithira alimgeukia mama yake. Kagure alikuwa anapukuchua maharagwe kwenye ungo, na hakuinua kichwa. Watoto wote sita wa nyumba hiyo walikuwa wamekua wakidhani jambo hilo lilimalizwa kabla hawajazaliwa. Kumbe wakwe wa Moffat, watu wa upande wa Kerugoya, waligombana naye alipopeleka mahari mara ya pili, juu ya neno alilolisema mjomba mmoja akiwa amelewa, na yeye akaapa hatarudi mpaka aombwe radhi. Mjomba alikufa. Radhi haikuombwa. Miaka arobaini na minane ikapita hivyo, na desturi ni moja: mama asiyekatiwa mbuzi, binti yake hawezi kukatiwa.

"Nimengoja tangu nikiwa na meno yote," Kagure alisema, akiendelea na maharagwe.

Waithira alikuwa amekuja kutafuta ukuta wa kujificha, na sasa aliona kwamba hata mama yake alikuwa amelala nje miaka yote hiyo. Alimkasirikia baba yake kwa kiburi chake, akamkasirikia mama yake kwa kunyamaza, na akajikasirikia kwa kuwa amefanya vilevile.

Moffat alichokora moto. "Hiyo karatasi ya wakili," alisema bila kumtazama mtu. "Ilete hapa Jumamosi. Mtu akisema neno lake kwa meza yangu, mbele ya watu, hiyo si kuita kifo. Hiyo ni kupeana. Ama unasema aje, mkwe wangu?"

Nyumba ya mkwe, wazee, meza, chakula: hilo Theuri alilielewa. Halikufanana na ofisi wala na baba yake akiandika peke yake chumbani. "Mara moja tu," alisema. "Nikishatia sahihi, sitaki kusikia tena juu ya hiyo karatasi. Msiniulize tena."

Usiku huohuo aliongea na Karwitha kwa simu, yeye mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ijumaa Waithira akachukua wosia. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nyumba ya Kamakwa ni ya mke wangu Waithira. Ploti ya Majengo na vyumba vyake ni ya mke wangu Waithira na watoto wetu Nyawira na Munene. Msimamizi ni mke wangu Waithira. Alilisoma neno mke mara tatu akiwa amesimama kwenye ngazi, watu wakimpita.

Mashahidi alikuwa amewachagua tayari: baba yake, ambaye hapati kitu, na Nderitu, karani wa faktori ya kahawa, jirani mwenye mwandiko mzuri na asiye na undugu na mtu.

Jumamosi walikuwa watu kumi na wawili hivi pale sebuleni kwa Moffat, na kuku wawili jikoni. Moffat alivaa koti lake la harusi za wengine. Aliomba, akasimulia Theuri ni nani na alikuja kwao lini, akaongeza ya kwake, akapunguza ya Theuri, kisha akamwomba Nderitu asome. Nderitu alisoma kwa sauti ya kutangaza mnada. Theuri akaegemea meza na kutia sahihi. Moffat akatia yake.

Halafu mzee akafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekipanga, hata yeye. Alinyanyua karatasi, akamgeukia binti yake, na kumuuliza swali ambalo baba huuliza siku ya mahari, msichana akiwa amesimama katikati na kila mtu akimsikiliza.

"Waithira. Huyu mtu ametoa neno lake. Tukubali ama tukatae?"

Alikuwa amengoja swali hilo miaka kumi na tisa. "Tukubali," alisema.

"Basi shika kalamu, uonyeshe umekubali."

Karatasi ikawekwa mbele yake. Ulikuwa umebaki mstari mmoja wa shahidi. Waithira aliona uso wa Karwitha waziwazi, akasikia kila neno lake. Akamwona Nderitu akisubiri zamu yake kando ya kabati. Akaona pia wazee wanamtazama, na Theuri anamtazama, macho yamelowa, na akajua kwamba kuirudisha kalamu hiyo mbele ya watu hawa kungekuwa kusema hapana kwa mwanamume aliyekuwa anaenda kukatwa Jumanne. Nitamwambia Nderitu atie yake baadaye, aliwaza. Akatia sahihi.

Wakapiga makofi. Kagure akapiga vigelegele vitano, jikoni sahani zikaanza kugongana, na Theuri akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa ndani wa koti. "Imeisha," alimwambia, akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Waithira hakuwa na roho ya kumwambia kwamba haijaisha.

Angesema jioni hiyo. Angesema Jumapili. Alikuwa na nafasi ishirini za kusema, na kila moja aliitumia kumuuliza kama anataka uji. Tuseme ukweli, aliogopa. Aliogopa kumwona mtu wake akirudi chini ya shuka. Jumatatu saa tisa Theuri alilazwa, na ndipo Waithira, akipanga nguo zake kwenye kabati la wodi, alipotoa ile karatasi kwenye koti, akaipiga picha na kumtumia wakili. Simu ililia kabla hajafika getini.

"Mama, nilikuambia nini?" Karwitha hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mzee Moffat yuko sawa. Wewe umejitoa. Wosia utasimama, lakini fungu lako litaanguka, na likianguka watu wataanza kuuliza wewe ni nani."

"Nifanye nini?"

"Tunahitaji mtu mmoja zaidi ambaye hapati kitu, asimame pamoja na mzee. Bwana yako hahitaji kuandika tena. Amwambie tu huyo mtu kwamba hiyo sahihi ni yake, kisha huyo mtu atie yake akiwa anamwona. Kesho asubuhi niko na kesi Kerugoya. Anaingia saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Saa sita nitakuwa hapo na karani wangu. Mwambie bwana yako leo."

Waithira alirudi wodini, akamkuta Theuri amelala, akashukuru.

Jumanne alifika saa tatu. Hospitali iliruhusu watu wawili tu kwa mgonjwa asubuhi, na wa pili alikuwa tayari pale: Gatimu, suti ya kijivu, kofia magotini, ameketi kando ya kitanda cha ndugu yake. Wote wawili walikuwa wanatazama dirishani. Kitanda cha pili chumbani kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Waithira alikuwa bado anasalimia wakati sista wa wodi alipoingia akiwa na faili.

"Theuri? Mgonjwa wa kwanza ameahirishwa, kwa hivyo daktari anaanza na wewe. Wanakuja na kitanda sasa hivi."

"Sasa hivi saa ngapi?" Waithira aliuliza.

"Wako kwa lifti, mama."

Alimpigia Karwitha. Simu ilikuwa imezimwa, maana alikuwa mbele ya jaji. Alimfuata sista hadi mlangoni, akamwomba kwa sauti ya chini amtilie sahihi mahali fulani, dakika moja tu. Sista alimwangalia kwa huruma. "Karatasi za mali haturuhusiwi, mama. Hata daktari haruhusiwi. Tungefukuzwa." Akaenda zake. Wodini mle hakukuwa na mwingine. Kulikuwa na Gatimu.

Waithira alisimama mlangoni na kupiga hesabu kwa akili yake yote. Akinyamaza, pengine Theuri angetoka salama na wakili angekuja baadaye na mambo yangekwisha. Akisema, atakuwa amemwonyesha Gatimu tundu lilipo, kwa mkono wake, na Gatimu akikataa atajua mahali pa kupenyeza kidole. Magurudumu yalisikika koridoni. Alimtazama Theuri, ngozi yake ya majivu, midomo iliyokauka, na akajua kwamba hana haki ya kucheza bahati nasibu na nyumba ya watoto.

Alifunga mlango. "Baba Nyawira, ile karatasi ina makosa. Ni makosa yangu."

Aliwaambia yote. Aliyasema haraka na kwa sauti kavu, mashahidi, fungu, mtu mmoja zaidi, na hakumtazama Gatimu hata mara moja. Alipomaliza, alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili.

Theuri alifumba macho. "Nilisema mara moja."

"Najua."

"Na ulijua tangu Jumamosi."

"Nilijua nikiwa nimeshika kalamu."

Alingoja agombezwe. Theuri alifumbua macho, akamtazama kwa muda ambao hakuna aliyekuwa nao, kisha akageuza shingo upande wa pili wa kitanda. "Gatimu. Chukua, usome."

Gatimu alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa tai. Alisoma polepole kwa midomo, kidole kikifuata mstari. Mlango uligongwa. "Tunakuja," Waithira aliita, na sauti ikamvunjika katikati.

"Mabati ya kwanza ya Majengo ni nani alitoa?" Gatimu aliuliza, bado anasoma.

"Ni wewe," Theuri alisema.

"Shule ni nani alilipa?"

"Ni wewe."

"Na mimi siko hapa. Nimeangalia hata nyuma."

"Hauko. Ndiyo maana unafaa. Mtu ambaye yuko ndani hawezi."

Gatimu alivua miwani. Waithira aliona kwamba uso wake ulikuwa umelegea, na kwamba alichokuwa nacho hakikuwa ulafi peke yake. Alikuwa mzee aliyeumia. Hakutaka kuliona hilo. Lilikuwa rahisi zaidi kumchukia.

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa tena, na wahudumu wawili wakaingiza kitanda cha magurudumu. Walimwinua Theuri kwa shuka, wakamlaza, wakamfunika, wakaanza kumsukuma. Gatimu alitembea kando yao na karatasi mkononi. Koridoni aliweka kiganja kwenye kitanda, na kikasimama.

"Baba, tumechelewa," mhudumu mmoja alisema.

"Dakika." Aliinama juu ya ndugu yake. "Kuna kitu ingine haijaandikwa. Ukienda, unazikwa wapi? Kamakwa, kwa nyumba ya mjini? Ama kwetu?"

"Kwetu. Kando ya baba."

Gatimu aliinua macho kwa Waithira. Alikuwa anangoja apinge. Waithira na Theuri walikuwa wamewahi kuzungumza juu ya kaburi kwenye kona ya bustani pale Kamakwa, chini ya mti wa parachichi, na Gatimu alikuwa amesikia habari hizo.

"Kando ya baba yake," Waithira alisema. "Nimesikia. Hakuna mtu atabadilisha."

"Sema basi, Theuri."

"Hii ni sahihi yangu," Theuri alisema. Aliinua mkono wenye sindano na kugusa jina lake. "Niliandika mwenyewe. Hakuna mtu alinisukuma."

Hakukuwa na meza. Gatimu aliilaza karatasi juu ya paja la ndugu yake, juu ya blanketi la hospitali, na kuandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, akiacha nafasi kubwa kati ya maneno. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pamoja kwa sababu chini palikuwa laini. Theuri alimwangalia hadi nukta ya mwisho. Kisha Gatimu alikabidhi karatasi kwa Waithira, akatoa mkono kwenye kitanda, na wahudumu wakaondoka nacho karibu wakikimbia. Waithira alikifuata hadi kwenye mlango wenye maandishi mekundu. Theuri alisema kitu ambacho hakukisikia vizuri, juu ya Munene na viatu vya shule. "Nitanunua," alimjibu.

Walikaa kwenye benchi moja, yeye na Gatimu, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Saa sita Karwitha alifika na karani wake, matope kwenye viatu, akaisoma karatasi, akamtazama Gatimu, akatikisa kichwa kukubali. Hakukaa. Saa nane Gatimu alinunua chai mbili na mandazi, akaweka moja upande wa Waithira. Waithira alikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi kupita kiasi, kama Theuri alivyopenda, na akajua kwamba huyu mtu ametia sukari ya ndugu yake kwa sababu kipimo kingine hakukijua.

Saa kumi kasorobo daktari alitoka, kofia ya kijani mkononi. Aliwatazama wote wawili.

"Nani ni jamaa wa karibu?"

Waithira alifungua mdomo, na miaka kumi na tisa ikamkwama humo.

"Huyu ni mke wake," Gatimu alisema. "Ongea na yeye."

Daktari aliongea naye. Uvimbe ulikuwa umeshika mshipa mkubwa, damu ilitoka, walijaribu saa nzima. Aliongea kwa upole, na Waithira alisikia kila neno, lakini yalikuwa yanafika moja moja, kama watu wanaochelewa mkutano. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la aibu: Jumamosi aliandika, leo Jumanne. Alijua watu wa Gakindu watahesabu hivyo hadi watakapozeeka. Hakuna atakayehesabu tangu Pasaka, Theuri alipoanza kusema ni gesi tu na kumeza soda ya magadi. Hasira ilimpanda juu ya soda hiyo ya magadi, hasira kubwa, na hapo akalia, ameinama, kichwa kwenye magoti, bila kujali nani anapita.

Gatimu alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini sauti aliibana. Alikuwa anawaambia wazee wa kwao. Waithira alisikia sauti zao kutoka kwenye simu, wanaume wazima wakiongea kwa pamoja, wakitaja Ijumaa, wakitaja Jumamosi, wakitaja mchungaji, wakiuliza nani ataandika kijitabu.

"Hapana," Gatimu alisema. "Hiyo si mimi wa kusema. Ngojeni kidogo."

Alikuja, akachuchumaa mbele ya benchi, magoti yake yakilia, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa Waithira.

"Wanauliza mazishi ni siku gani," alisema. "Nimewaambia nikuulize."

Waithira alijipangusa kwa mkono wa sweta. Alifikiria Nyawira, aliyekuwa chuoni tangu asubuhi na simu amezima kwa sababu ya mtihani, ambaye hakujua bado kitu chochote.

"Waambie wangoje Nyawira afike," alisema. "Tutapanga akiwa hapa."

Gatimu aliinua simu sikioni akiwa bado amechuchumaa, na akawaambia.